Safari ya ibada: Uliza mwezi kabla ya kukata tiketi

Ukifika uwanja wa ndege wa Moi kule Changamwe siku ambayo kundi la Umra linaondoka, huna haja ya kuuliza ni safari gani. Nje ya ukumbi wa kuondokea pamejaa jamaa waliotoka Likoni, Kisauni na Magongo, matatu nzima ikimsindikiza mtu mmoja. Qasida husomwa, mikono hushikwa, watoto hulala juu ya masanduku. Mara nyingine, hapo hapo pembeni, huwa kuna familia ya Kihindu inayomuaga babu anayekwenda Bara Hindi kuzuru mahekalu ya milima ya Himalaya. Mimi ni tabibu, na jicho langu haliendi kwenye masanduku. Huangalia miguu iliyovimba, na jinsi mzee anavyohema baada ya kutembea kutoka garini hadi mlangoni.

Jambo ninaloulizwa zaidi kuhusu safari hizi ni chanjo, na jibu lake ni jepesi. Kwa anayekwenda Saudi Arabia kutoka kwetu, chanjo ya homa ya manjano na ile ya homa ya uti wa mgongo zidungwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na kadi zikae pamoja na pasipoti. Tangu mwaka 2016 kadi ya homa ya manjano hudumu maisha yote, kwa hivyo itafute ile ya zamani kabla ya kudungwa tena. Ama suala la mwezi wa kusafiri, karibu hakuna anayeniuliza. Tiketi huletwa mbele yangu ikiwa imekwisha kulipiwa, nami huombwa kutia sahihi tu.

Nami nimewahi kutia sahihi hivyo. Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa Likoni, aliyepita umri wa miaka 70, aliletwa na bintiye. Alikuwa na presha, akimeza kila asubuhi kidonge cha kushusha presha na kingine cha kukojosha. Nikampima: presha imetulia, moyo unasikika vyema. Nikamwambia ajihadhari na jua. Akacheka. "Daktari mwanangu," akasema, "mimi nimezaliwa Likoni na nimezeekea Likoni. Joto gani tena litanitisha?" Tukacheka sote, nikatia sahihi. Ulikuwa mwisho wa Julai, kusi ikivuma, naye amejitanda leso mbili kwa baridi. Walichagua Agosti kwa kuwa wajukuu walikuwa wamefunga shule.

Siku ya tatu akiwa Makka alianguka njiani akirudi hotelini baada ya sala ya adhuhuri. Alilazwa, na figo zikakataa kufanya kazi kwa siku kadhaa. Alirudi, namshukuru Mungu, lakini alitoka pale uwanjani Changamwe juu ya kiti cha magurudumu, na figo zake hazijawa tena kama zilivyokuwa. Kosa lile ni langu. Nilisikia neno "Agosti" likitajwa mbele yangu na sikulitia maanani.

JOTO LETU SI JOTO LAO

Maneno ya yule mama nimeyasikia kwa wagonjwa wengi: sisi watu wa pwani, joto tumelizoea. Yana ukweli kidogo, na ukweli huo kidogo ndio unaotuponza.

Joto la Mombasa ni la unyevunyevu. Mwezi wa Februari na Machi mchana hufika digrii 32 au 33 za sentigredi, na kwa kuwa hewa imejaa maji tayari, jasho halikauki. Linatutiririka, shati linalowa, nasi tunaomba maji. Makka iko ndani ya bara, bondeni, kati ya milima ya mawe, na hewa yake ni kavu. Tangu Juni hadi Septemba wastani wa joto la mchana ni digrii 42 hadi 44, na zipo siku linapozidi hapo. Katika hewa ile jasho hukauka pale pale linapotoka. Ngozi inabaki kavu, na mtu anadhani hatoki jasho, kumbe akitembea juani anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Mzee ndiye aliye katika hatari zaidi, maana kadiri umri unavyosonga ndivyo kiu inavyopungua. Anaweza kuwa ameishiwa maji mwilini na bado asitamani hata bilauri moja.

Kisha upepo. Ngozi ya binadamu ina joto la digrii 34 au 35 hivi. Upepo wa digrii 28 ukikupiga hukuondolea joto, na ndiyo raha ya kukaa barazani jioni. Upepo wa digrii 44 hukuongezea, kama mtu aliyesimama mbele ya tanuri la mikate. Ndiyo sababu kumpepea mtu aliyezidiwa na joto bila ya kumlowesha maji hakumsaidii kitu kule, ingawa hapa kwetu kungemburudisha.

Lakini lililo kubwa zaidi ni hili la tatu, nalo ni la kalenda. Mwili wa mtu mzima unaweza kujifunza joto. Huongeza maji katika damu, jasho likaanza kutoka mapema na likapungua chumvi. Somo hilo huchukua siku 7 hadi 14, na mwili ukikaa katika baridi kwa wiki chache hulisahau. Sasa tazama majira yetu. Julai na Agosti ndicho kipupwe chetu: mchana digrii 28 hivi, usiku watu wanatafuta shuka. Anayeondoka Changamwe wakati huo anaondoka na mwili uliokwisha kusahau joto, na anatua katika mji ulio kwenye kilele cha joto lake. Umra nyingi ni za siku 10 hadi 14. Mwili unapoanza kuzoea, siku ya kurudi imewadia.

Geuza kalenda hiyo uone. Desemba, Januari na Februari kaskazi inavuma kwetu, nasi tunaishi katika digrii 31 na 32. Makka katika miezi hiyo mchana huwa na wastani wa digrii 30 hadi 32, na usiku hushuka hadi 20 au chini kidogo. Mtu wa Mombasa anafika akiwa na mwili uliokwisha kufanya mazoezi nyumbani, na hewa ya huko haizidi aliyoiacha.

Kwa hivyo nikiulizwa siku hizi, najibu bila ya kusita: kwa mzee, kwa mwenye presha, kisukari, ugonjwa wa moyo au wa figo, na kwa mja mzito, Umra iwe Desemba, Januari au Februari. Novemba na Machi mchana ni kama digrii 35, na mwenye afya anaweza. Ikiwa wajukuu lazima wawemo, likizo ya Desemba ipo.

Wenye presha na moyo nawataja kwa sababu ya dawa wanazomeza. Vidonge vya kukojosha, kama Lasix, hutoa maji mwilini. Baadhi ya dawa za presha hupunguza uwezo wa figo kujikinga maji yanapopungua. Piriton, ambayo kila nyumba inayo kwa ajili ya mafua, inaweza kupunguza jasho. Mtu aketipo Likoni chini ya mwembe mambo haya hayamdhuru, lakini ukiyaweka pamoja na digrii 44 na mwendo mrefu, ndipo yanapotokea kama yale yaliyompata mama yule. Usiache dawa wala usipunguze kwa shauri lako mwenyewe. Mwone daktari wako wiki 6 kabla ya safari, mwambie mwezi unaokwenda, naye akupangie. Mwenye moyo dhaifu aliyeambiwa apime maji anayokunywa naye aulize, kwa maana shauri la "kunywa maji mengi" si la kila mtu.

Msimu wa baridi nao una yake. Madina iko juu zaidi na ni baridi kuliko Makka. Usiku wa Januari hufika digrii 12 hivi, na mtu wa Kisauni asiye na sweta wala soksi ataamka kifua kimebana na viungo vinauma. Pia Novemba hadi Januari ndiyo miezi ambayo mvua zinaweza kupiga ghafla. Mafuriko ya Jeddah ya tarehe 25 Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya 100 kwa siku moja. Na palipo na watu wengi pana mafua; chanjo ya mafua makali si ya lazima, lakini mimi huwadunga wazee wote wanaokubali.

Mtu ataniuliza: na Ramadhani je? Fadhila za Umra ya Ramadhani zinajulikana, nami siwezi kuzipinga. Na kwa miaka ya 2027 hadi 2030 Ramadhani inaangukia majira ya baridi, Februari mwanzoni ikirudi nyuma hadi Januari, kwa hivyo joto si tatizo. Tatizo ni msongamano, kukosa usingizi, na saumu juu ya mwendo. Safa na Marwa peke yake, safari saba, ni zaidi ya kilomita 3, mbali na tawafu. Mwenye kisukari anayedunga insulini nitamshauri aende Rajabu au Shaabani. Katika miaka ya 2027 hadi 2029 miezi hiyo iko kati ya katikati ya Novemba na mwanzo wa Februari, baridi ile ile na watu wachache kuliko Ramadhani.

HIJA NA MWAKA WAKE

Umra huchaguliwa mwezi. Hija haichaguliwi siku, ila mwaka wake unaweza kuwa na tofauti kubwa, kwa sababu kalenda ya Kiislamu hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu. Arafa ya mwaka 2018 ilikuwa Agosti. Ya mwaka 2024 ilikuwa Juni 15, na katika siku zile joto kwenye Msikiti Mtukufu lilifika digrii 51.8. Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba mahujaji 1,301 walifariki, na kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wamekwenda bila ya kibali, yaani hawakuwa na mahema ya baridi wala mabasi, wakatembea mwendo mrefu juani. Hilo nalisema kwa anayeshawishiwa na mtu wa mtaani kwamba atampitisha njia ya mkato kwa bei nafuu. Hema lenye kiyoyozi ndiyo dawa ya kwanza ya Hija ya jua kali, na asiye na kibali hana hema.

Kuanzia mwaka 2026 Arafa imeingia Mei, mwaka 2029 itakuwa Aprili, na mwaka 2032 itafika Machi. Mei bado ni moto, wastani wake digrii 42. Lakini kila mwaka unaopita ni nafuu, na Hija haitarudi Agosti mpaka mwaka 2050 hivi. Je, mgonjwa mwenye uwezo wa mali asubiri? Hapo mimi nanyamaza, mwulize shehe wako, kwa kuwa kuchelewesha faradhi si jambo la tabibu kulitolea hukumu. Ninachoweza ni kukuandikia kwa ukweli hali ya moyo wako na figo zako, ili shehe naye ajibu akiwa anajua.

Atakayekwenda wakati wa joto, kwa Hija au kwa kukosa nafasi nyingine, na apumzike siku nzima ya kwanza. Tawafu aifanye baada ya Isha au kabla ya Alfajiri. Mwavuli mweupe hauvunji ihramu ya mwanamume, na usiachwe hotelini. Anywe kidogo kidogo bila kungoja kiu, na atazame mkojo: ukiwa na rangi ya chai, maji hayatoshi. Mwenzako akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au akayumba, na mwili wake unaunguza, usimpe Panadol ukangoja. Homa hii si ya maradhi, na Panadol haiishushi. Mvutie kivulini, mvue nguo za juu, mloweshe maji mwili mzima na mpepee, huku mwingine akiita wauguzi. Dakika zile ndizo zinazookoa ubongo.

WANAOPANDA MILIMA

Yule babu wa Kihindu tuliyemwona uwanjani ana shida ya namna nyingine: yeye atakosa hewa. Uwanja wa Changamwe uko mita 61 tu juu ya usawa wa bahari. Hekalu la Kedarnath, kaskazini mwa Bara Hindi, liko mita 3,583, na huko kila pumzi ina oksijeni kama theluthi mbili ya ile aliyoizoea Mombasa. Wazungukao mlima wa Kailash, upande wa Tibet, hupita mahali palipo juu ya mita 5,600, ambapo hubaki karibu nusu tu.

Kedarnath hufunguliwa Aprili au Mei, kutegemea kalenda yao, na kufungwa Oktoba au Novemba theluji inapoingia. Katikati ya muda huo, Julai hadi mwanzo wa Septemba, ni masika ya Bara Hindi: milima huporomoka na njia hukatika. Wala Juni si salama kila mwaka. Mnamo Juni 16 na 17, 2013, mvua zilizowahi kabla ya wakati wake zilileta mafuriko yaliyoua maelfu ya watu katika bonde lile, wengi wao wakiwa mahujaji. Kwa hivyo imebaki Mei, na nusu ya pili ya Septemba mpaka Oktoba. Mei ina umati mkubwa. Foleni hurefuka na mtu hushindwa kupata chumba pale anapotaka kupumzika. Mimi huwaambia wagonjwa wangu waende mwisho wa Septemba na Oktoba. Mvua imekwisha, njia imekauka, na nafasi ya kulala ipo. Baridi ya usiku ni kali, lakini nguo nene hununuliwa. Nafasi ya kupumzika ndiyo ya thamani, kwa maana katika milima dawa kubwa ni kupanda polepole. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku ya tatu au ya nne usipande kabisa.

Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi ni onyo: baki ulipo. Kuyumba kama mlevi, au kuhema hali umekaa tu, ni amri ya kushuka usiku huo huo, hata kama hekalu linaonekana kwa macho. Iko dawa ya kusaidia mwili kuzoea, asetazolamidi, lakini iandikwe na daktari. Anayetaka kufanya mazoezi ya miguu, milima ya Taita haiko mbali. Kilele cha Vuria ni mita 2,208. Itamfundisha kupanda, ingawa haimzoeshi hewa ya mita 3,500. Waislamu wanaopenda kupanda Jabal Nur, Makka, wao hawana tatizo la hewa, ila ngazi ni zaidi ya elfu moja. Si sehemu ya Umra. Mwenye moyo mbovu autazame mlima kutoka chini.

Hewa nyembamba huwapata hata wasiopanda mlima wowote. Ndani ya ndege hewa huwa sawa na ya mtu aliye kwenye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400. Wasafiri wetu wengi hubadilisha ndege Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600, au Addis Ababa, ambako uwanja uko zaidi ya mita 2,300. Mwenye moyo au mapafu dhaifu anaweza kukaa saa sita pale akihisi kifua kizito, akadhani ni uchovu. Ikiwa hapa Mombasa huwezi kutembea mita 50 bila kusimama kuvuta pumzi, njoo nikupime kabla ya kununua tiketi. Wengine inatosha kuwaombea oksijeni ya ndani ya ndege, nayo huombwa mapema kwa shirika lenyewe, haipatikani ukiwa umesimama dirishani. Kiti cha magurudumu nacho kiombwe wakati wa kukata tiketi, na mzee asione haya kukipanda.

Dawa zote zikae katika mkoba wa mkononi, za siku zote za safari na za wiki moja zaidi, katika pakiti zake zenye majina, pamoja na barua ya daktari. Nimewaona mahujaji waliotia dawa za presha katika sanduku kubwa, chini ya halua na kahawa, sanduku likabaki njiani siku nne. Insulini isiwekwe kabisa katika mizigo ya chini ya ndege, maana inaweza kuganda, na ikiganda hutupwa. Ukifika Makka iweke katika friji ya hoteli, na unapotoka mchana ifunge kwa kitambaa kibichi ndani ya mfuko, kwa sababu ikipita digrii 30 kwa muda huanza kupoteza nguvu.